Naomba ushauri: muvi ya kuangalia na mama na mdogo wangu

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Mimi sio mtu wa muvi kivile, ila kila Jumapili jioni tunaangalia na mama na mdogo wangu na kukubaliana ndio shida, dogo anataka mapigano, mama anataka mapenzi na mambo ya familia.

Tuliweka Parasite ya Wakorea (2019), mimi naona ni kali sana, inaanza kama vichekesho halafu inageuka, ila mama macho yanamsumbua, maandishi ya chini yakampita akaenda zake kulala. Train to Busan dogo aliipenda, mi mwishoni nililia kabisa, mama akasema mazombi hapana. Zile za kutafsiriwa na madijei nazo tumejaribu, dijei anaongea juu ya waigizaji mpaka utamu unapotea.

Iliyotukalisha wote ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, Zanzibar ya miaka ya 50, wanaongea Kiswahili na picha nzuri mno.

Sasa naulizeni, kuna muvi gani nyingine ya Kiswahili yenye stori nzito kama hiyo? Na za nje zilizoingizwa sauti za Kiswahili, sio maandishi, nazipata wapi kihalali?