Naomba ushauri: makala kuhusu filamu za kikubwa za Ufilipino

Habari zenu wakuu. Naandika makala juu ya filamu za watu wazima za Ufilipino, na sitaki iishie kwenye uchi, maana historia yake ni nzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilitamba filamu za uchi na ngono, zilizoitwa "bomba" huko kwao. Mwaka 1972 Rais Ferdinand Marcos akatangaza utawala wa kijeshi na wakaguzi wa filamu wakabana. Waongozaji nao wakaja na ujanja: mwigizaji analowanishwa, nguo nyepesi inamganda mwilini, hakuna kilichovuliwa.

Iliyonigusa kuliko zote ni Insiang ya mwongozaji Lino Brocka (1976), iliyofika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1978. Inafunguka machinjioni, nguruwe wakichinjwa. Kisha tunamwona binti wa vibanda vya Tondo, Manila, anayebakwa na mpenzi wa mama yake, naye analipa kisasi.

Sasa nimekwama hapo. Tukio kama lile nilieleze vipi bila kumdhalilisha binti, na bila kulipunguza uzito? Na nifuate miaka, au nianze na Insiang ndipo nirudi nyuma? Waliowahi kuandika uhakiki wa filamu, naomba mnisaidie.