Naomba ushauri: EP yangu ya kwanza imekamilika, prodyuza kashikilia nyimbo mbili

Wakuu, habari za leo. Mimi ni msanii wa kujitegemea hapa Mwanza, naandika na kuimba mwenyewe, sina lebo wala meneja. Nimemaliza EP ya nyimbo 6, bongo fleva laini ya mapenzi (moja tu ndiyo ya kuchezeka). Mwaka mzima nimerekodi usiku baada ya kufunga kibanda changu cha vocha na chaja za simu.

Sasa kasheshe. Studio tulikubaliana kwa mdomo, laki moja kila wimbo, na nimelipa zote; meseji za miamala ninazo. Juzi nimeenda na flashi kuchukua kazi, prodyuza kanipa nyimbo 4 tu. Mbili zilizobaki, ikiwemo ile ninayoitegemea, anasema biti ni jasho lake, anataka nusu ya mapato ya Boomplay na YouTube maisha yote. Nusu! Mashairi yangu, melodi yangu, hata gitaa la mwanzo nimepiga mimi. Ila biti katengeneza yeye, hilo sibishi.

Najua kazi zinasajiliwa COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Je, nikisajili mashairi na melodi, biti inabaki ya nani kama hatukuandikishana? Mliowahi kuingia mkataba na prodyuza, asilimia mligawanaje? Na mnaonaje, nitoe hizi 4 kwanza, au zile 2 nizirekodi upya kwa biti nyingine? Mke wangu anasema nitoe tu, yeye kashachoka kuzisikia ndani.