Naomba ushauri: mbunifu wa grafiki asiye na shahada anaajiriwa?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Nkuhungu, Dodoma, umri miaka 26. Niliishia kidato cha nne. Ubunifu nimejifunzia kwenye stationari ya shemeji yangu pale Majengo: nilianza kwa kuchapa barua, baadaye mabango, kadi za harusi na nembo. CorelDRAW na Photoshop nazimudu, na faili naandaa kwa CMYK (mfumo wa rangi za uchapaji) ili rangi zisibadilike zikifika kiwandani (hata kazi za waliosoma nimezirekebisha mara nyingi).

Tangu Serikali ihamie huku kazi zimeongezeka, ila karibu kila tangazo la ajira ninaloliona linadai stashahada au shahada. Mwezi uliopita ofisi moja ilisifia kazi zangu, wakaniomba cheti, mazungumzo yakaishia hapo. Iliniuma sana.

Nina akiba ya milioni 1.8. Nirudi shule, au ninunue kompyuta nzuri nijiajiri? VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Kuna aliyeutumia kwa fani hii, mwajiri akaukubali? Na mlioajiriwa kwa kuonyesha kazi zenu tu, mlipitia wapi? Mama ananitegemea, siwezi kukaa miaka 3 bila kipato.