Maji ya majani ya mpapai na homa ya dengi: tutajuaje kama yanatibu?

Binti wa Langoni, Lamu
Assalamu alaikum. Mwezi uliopita shangazi yangu alishikwa na homa na maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho, na kipimo cha damu kikaonyesha kuwa ni dengi. Siku ya tano jirani alitwanga majani ya mpapai ulioko uani, akayakamua kwa kitambaa, akampa kikombe kidogo cha maji ya kijani, machungu kama shubiri. Siku ya saba aliamka akaomba uji. Mtaa mzima sasa una yakini kwamba mpapai ndio uliomponya, nami nimeombwa niandike habari hiyo ili wengine wafaidike. Je, hilo latosha kuwa ushahidi?

Muuguzi, Malindi
Wa alaikum salaam, dada. Halitoshi, na sababu imo katika siku ulizozitaja mwenyewe. Homa ya dengi kwa kawaida hudumu kati ya siku mbili na saba kisha hushuka yenyewe, na chembe za kugandisha damu, ambazo hupungua katika kipindi hicho, hurudi kupanda. Kwa hiyo lolote atakalopewa mgonjwa siku ya tano, hata dafu, litavuna sifa siku ya saba. Ndiyo maana wanaojaribu dawa huwagawa wagonjwa kwa kura. Nchini Malaysia majani hayohayo yalijaribiwa kwa wagonjwa 228, matokeo yakachapishwa mwaka 2013: kundi moja lilipewa maji hayo kwa siku tatu pamoja na matibabu ya kawaida, jingine matibabu ya kawaida peke yake, na chembe zikapanda haraka zaidi katika lile la kwanza. Hata hivyo kila mgonjwa alijua anachokunywa, na chembe kupanda si sawa na kuepushwa na kutokwa damu au mauti. Kwa mgonjwa wa dengi ninachokataza kwa ukali ni aspirini na ibuprofeni, pamoja na kujiona umepona kwa kuwa homa imeshuka, maana hatari huja hasa wakati huo: tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, au damu kwenye fizi.

Mzee wa Mkomani
Mwanangu, mwaka 2004 chikungunya, homa ya mbu inayoumiza viungo, ilituingilia Lamu wakati wa ukame, maji yakiwa yamehifadhiwa majumbani na mbu wakizaana humo. Uchunguzi wa damu ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Nyumba yetu ilikunywa habasoda kwa asali, jirani akanywa mwarubaini, na wa tatu, asiyevumilia uchungu wa dawa yoyote, alilala tu. Sote tuliinuka, na sote tulishuka ngazi kwa kushika ukuta kwa wiki kadhaa. Hadi leo kila nyumba husifu dawa yake, isipokuwa ile ya tatu, ambayo haina cha kusifu.

Binti wa Langoni, Lamu
Ahsanteni. Nimemuuliza shangazi upya, siku kwa siku. Anasema homa ilianza kushuka usiku wa kuamkia siku ya tano, kabla mpapai haujaguswa, na kikombe cha pili alikimwaga dirishani jirani alipogeuka.