Kufundisha kabla ya kupata nambari ya TSC: tupeane uzoefu

Binti wa Mtongwe

Assalaam alaykum na habari za jioni ndugu zangu.

Leo asubuhi kwenye feri hapa Mombasa nimesimama karibu na kijana ameshika bahasha ya kaki. Kila dakika aifungua, achungulia ndani, aifunga. Nikamuuliza, mwanangu, kuna nini humo? Akanambia ni vyeti. Kuna shule ya binafsi upande wa kaskazini imemwambia aanze kazi Jumatatu, naye hana nambari ya TSC, ile ya usajili wa Tume ya Huduma za Walimu, kwa sababu chuo hakijamkabidhi cheti cha digrii. "Wamesema watanipa kibali cha muda, mama, nifundishe huku nikisubiri."

Moyo ulinipasuka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2014, na karatasi nikapewa, ina muhuri na sahihi. Nilifundisha nayo miezi mitano. Siku nilipoipeleka ofisi ya elimu ndipo nilipoambiwa kwamba ule muhuri ni wa shule yenyewe, wala hapana aliyenisajili popote.

Feri ilifika, abiria wakatusukuma, kijana nikampoteza kabla sijamwambia neno la maana. Basi nawauliza nyinyi walimu: kile kipindi cha katikati, chuo umemaliza na nambari huna, mlikipita vipi? Asinifiche mtu.

Hesabu na Fizikia

Kibali cha muda kwa Kenya hakuna. Sheria ya TSC ya mwaka 2012, kifungu cha 23, yasema mtu asifundishe kama hajasajiliwa. Ama umesajiliwa ama hujasajiliwa.

Mwana wa Changamwe

Hesabu, umeandika kama wakili. Na walimu intani je, wale wa mafunzo ya kazini? Si walikuwa wa muda wale?

Hesabu na Fizikia

Hapo ndipo watu wengi wachanganya. Intani ana nambari ya TSC tayari. Cha muda ni mkataba wake, si usajili wake. Wale wa junia sekondari, darasa la saba hadi la tisa, walikuwa wakipata shilingi 20,000 kwa mwezi, na ndiyo sababu ya kesi: Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba mpango ule ulikuwa kinyume cha sheria, maana ni walimu kamili waliofuzu na kusajiliwa. Nilikuwa mmoja wao, naijua kwa uchungu. Aliye chuoni akienda mazoezi ya kufundisha naye ni jambo lingine, huyo ana barua ya chuo na mhadhiri huja kumkagua.

Mwana wa Changamwe

Sawa kaka, nimeelewa. Lakini ukweli wa mtaani waujua. Shule ngapi za binafsi kutoka Magongo mpaka Mtopanga zina walimu wasiosajiliwa? Sheria iko, na njaa iko.

Mama Nuru

Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Lakini hiyo "karatasi yenye muhuri wa shule" imenitoa machozi hapa jikoni.

Mwaka 2018. Nimemaliza Desemba, mahafali yetu yatarajiwa mwaka unaofuata, cheti baada ya mahafali. Nimerudi nyumbani Kisauni na mtoto wa miezi saba mgongoni. Shule moja ikanichukua, darasa la nne, masomo yote isipokuwa Kiswahili na IRE, somo la dini ya Kiislamu. Mshahara 8,500. Dairekta akanambia, "Mwalimu, tutakufanyia kibali cha muda, tutakata 2,000 mwezi wa kwanza." Nikashukuru mpaka nikapiga goti. Karatasi ilikuja imeandikwa kwa herufi kubwa, na chini pana mahali pa tarehe ya kuisha pakaachwa wazi. Nikaiweka kwenye folda ya plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu.

Mwezi wa pili, siku ya Jumatano, nafundisha kugawanya. Ubaoni nimeandika 96 gawanya kwa 4, nimefika katikati. Mwalimu wa zamu akaja mlangoni hana rangi usoni. "Wakaguzi wako getini. Wote wasio na nambari, stoo, sasa hivi."

Tulikuwa wanne. Stoo ya jikoni, upande huu magunia ya maharagwe, upande huu unga, dirisha moja la wavu juu kabisa. Mlango ukafungwa kwa nje kwa kufuli, maana dairekta aliogopa tusije tukatoka kabla ya wakati. Joto la Februari mnalijua. Mwenzangu wa darasa la sita alikuwa na mimba, tukamkalisha juu ya gunia tukawa twampepea kwa kifuniko cha sufuria. Tulikaa humo kutoka saa nne na nusu hadi karibu saa saba. Maziwa yalinijaa yakalowesha buibui mbele, na mtoto wangu alikuwa kwa jirani.

Wakati wa kupakua chakula, mpishi akafungua mlango achukue chumvi, na nyuma yake yuko msichana wa darasa langu aliyetumwa kubeba sahani. Akaniona. Tukatazamana. Akauliza pole pole, "Tichaa, nawe umekosa nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikikumbuka nalitafuta.

Huku nyuma wakaguzi waliingia darasani kwangu. Wakakuta watoto arobaini na mmoja, hesabu nusu ubaoni, chaki juu ya meza. Wakauliza mwalimu wenu ni nani, darasa zima likaitika kwa sauti moja, likanitaja jina langu kamili. Watoto hawajui kudanganya. Jina likatafutwa kwenye orodha ya walimu, halimo.

Jioni ile dairekta alituachisha wote wanne. Mshahara wa mwezi ule haukutoka. Na ile karatasi alininyang'anya mkononi, akasema ni mali ya shule.

Shanga za Lamu

Subhanallah. Pole sana mamangu.

Mkaazi wa Tudor

Kufuli kwa nje! Na mwenye mimba ndani! Moto ungeshika jikoni hapo je?

Kikapu

Pole dada, ila na mimi nitasema langu. Ulijua huna nambari. Ulipoambiwa ingia stoo ungekataa, ungetoka getini ukaenda zako. Mwalimu akijificha, watoto wajifunza nini?

Mama Nuru

Kikapu, nyumba ilikuwa Mtopanga, kodi 4,000, mume alikuwa melini na pesa hazijaja miezi mitatu. Ningetoka getini ningepita mbele ya wakaguzi. Nilikuwa na miaka 24. Niliingia stoo.

Mkaazi wa Tudor

Kikapu, omba radhi.

Kikapu

Naomba radhi dada yangu. Sikukusudia kukuumiza. Mke wangu ni mwalimu wa BOM, yaani ameajiriwa na bodi ya shule, nilimsomea kisa chako, amenigombeza kweli kweli.

Mama Nuru

Yamekwisha. Nilisajiliwa mwaka 2020. Nafundisha shule ya serikali sasa, na darasa langu ni la nne tena, sikuomba mimi, nilipangiwa.

Mzee wa Likoni

Wanangu, zama zetu hayo yalikuwa halali. Tuliitwa UT, yaani mwalimu asiyefunzwa. Mfumo wa 8-4-4, miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza Januari 1985 shule za msingi ziliongezwa darasa la nane na walimu hawakutosha. Mimi nilikuwa nimetoka shule nina cheti tu, nikaitwa na ofisi ya elimu ya wilaya, nikapewa barua ya kurasa moja, nikapelekwa upande wa Msambweni. Darasa chini ya mwembe. Niliijua hesabu, lakini kumfundisha mtoto sikujua. Nilikuwa naandika ubao mzima, wao wanakili, kengele yalia, naona nimefanya kazi.

Baadaye nikaenda chuo cha Shanzu, nikatoka na P1, cheti cha ualimu wa shule za msingi. Siku ya kwanza mwalimu wetu wa ualimu aliposimama kutuonyesha namna ya kumfundisha mtoto kusoma, hatua kwa hatua, nililia kimya kimya. Niliwakumbuka wale wa Msambweni. Wengine walimaliza hawajui kusoma vizuri, na aliyekuwa mbele yao ni mimi.

Kwa hivyo Mama Nuru, machungu yako nayahisi, na dairekta yule alikosa sana. Lakini sheria ya usajili siichukii. Ningependa tu kijana asiachwe mwaka mzima hana njia.

Mwana wa Changamwe

Mzee umesema. Heshima zako.

Mtanga

Majirani, hodi. Huku kwetu Tanzania hicho kitu kipo na kina jina: leseni ya kufundishia. Kimo kwenye Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na mwenye mamlaka ni Kamishna wa Elimu. Mdogo wangu ana digrii ya kemia, siyo ya ualimu, akaipata akafundisha sekondari ya binafsi. Inatoka serikalini, siyo kwa mwenye shule. Shule nyingi zikitangaza kazi zinataja kabisa, awe na leseni.

Ila msidhani ni raha. Muda wake ukikaribia kuisha, usingizi hupati. Mdogo wangu aliona hana amani, akarudi kusomea stashahada ya ualimu.

Hesabu na Fizikia

Ahsante Mtanga. Waona Changamwe? Karatasi iwe ya mwenye mamlaka. Si ya mwenye shule.

Mwana wa Changamwe

Nimeshakubali tangu juu, bado wanipiga tu.

Mswahili wa Leicester

Niko Uingereza, kwetu ni Majengo. Huku England mwalimu aliyefuzu ng'ambo huweza kufundisha hadi miaka 4 kabla hajapata hadhi kamili, ile waiitayo QTS. Miaka 4 ni mingi ukiitazama mwanzoni. Mimi nilianza kushughulika mwaka wa tatu, na mwaka ule sikuwa na Jumamosi wala Jumapili, nilikuwa nakusanya ushahidi wa masomo niliyofundisha hadi usiku wa manane, na mchana niko darasani. Aliye na ruhusa ya muda aihesabu kutoka siku ya kwanza.

Mgeni wa Mikindani

Shikamooni wakubwa wangu. Mimi ndimi huyo wa katikati. Si yule wa feri, lakini hali ni hiyo hiyo. Nilimaliza mwaka jana, Kiswahili na Historia, cheti nimekichukua wiki iliyopita. Nimekaa miezi kumi nasaidia duka la mjomba. Nataka kuomba usajili sasa na naogopa kukosea. Nianzie wapi?

Ustadhi Bin Ali

Waalaykum salaam kijana. Kwanza pongezi kwa kusubiri. Mimi niliufanya muda ule nikisomesha madrasa asubuhi na tuisheni jioni, riziki ilitosha chai na mahamri, na sikulala na hofu.

Kikapu

Tuisheni nayo jihadhari. Usiwafundishe wale wale wa shule uliyoahidiwa kazi, utaletewa maneno.

Shanga za Lamu

Mimi nasema kinyume. Nenda ukajitolee shule ya karibu uzoee kazi.

Hesabu na Fizikia

Asijitolee! Kujitolea darasani bila nambari ni kufundisha bila nambari.

Shanga za Lamu

Maktaba basi. Kuna maktaba. Asaidie maktaba.

Fatma Mji wa Kale

Mgeni, nisikilize mimi, maana niliumia mwaka mzima kwa herufi moja. Cheti changu cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, chasema Mwanaisha, kitambulisho chasema Mwanasha. Nyumbani ni jina moja hilo, nyanya yangu hutamka hivi leo na vile kesho. Ombi likarudishwa. Nikaenda kwa wakili akanifanyia hati ya kiapo, nikarekebisha kitambulisho kikaafikiana na vyeti, ndipo nikaomba upya. Sisi wa Pwani majina yetu yaandikwa kila karani kwa sikio lake: Omar na Omari, Saidi na Said. Kabla hujafungua kompyuta, panga karatasi zote mezani, usome jina lako herufi kwa herufi. Weka kidole juu ya kila herufi. Usione haya.

Kisha tazama gredi. Kwa sekondari watataka C+ ya jumla na C+ kwenye masomo yako mawili. Halafu cheti na transkripti, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), picha, fomu ya daktari ya GP69, na cheti cha tabia njema cha polisi. Mimi nililipa shilingi 1,055 za usajili.

Mgeni wa Mikindani

Dada Fatma, Mungu akulipe. Nimetazama sasa hivi. Kitambulisho "Mohamed", cheti cha digrii "Mohammed". KCSE "Mohamed". Mikono yatetemeka.

Fatma Mji wa Kale

Usiogope. Viwili vyaafikiana, kimoja ndicho kilichokosewa, na ni kipya. Rudi chuoni kwa msajili upesi, uende na nakala za KCSE na kitambulisho. Usiombe usajili kabla hakijarekebishwa. Lakini tabia njema anza kesho, hiyo yatumia kitambulisho.

Mama Nuru

Hiyo tabia njema, ukishailipia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ile fomu ya alama za vidole, C24, ichapishwe karatasi MOJA, mbele na nyuma. Mimi niliipeleka karatasi mbili, nikarudishwa foleni yote.

Mgeni wa Mikindani

Kwa alama za vidole naenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, pale Posta, barabara ya Digo. Nifike saa ngapi?

Mkaazi wa Tudor

Saa moja kamili uwe mlangoni. Ukitoka Mikindani, daraja la Makupa asubuhi walijua kwa foleni. Ondoka alfajiri.

Mama Nuru

Na mikono uioshe kwa sabuni, uikaushe. Vidole vikiwa na jasho alama hazishiki.

Binti wa Mtongwe

Mgeni mwanangu, ukimaliza andika hapa. Mimi kesho napanda feri ya saa kumi na mbili na nusu, nikae upande ule ule. Huenda nikamwona yule kijana kabla ya Jumatatu.