Michango isiyoonekana kwenye taarifa ya pensheni: mama aanzie wapi?

Swali
Habari zenu, ndugu. Mama yangu anakaribia kustaafu, na katika taarifa yake ya mfuko wa pensheni wa serikali kuna miezi kadhaa ambayo michango haionekani, ingawa hati zake za mshahara zinaonyesha kwamba alikatwa. Je, adai sasa au asubiri hadi atakapoomba mafao?

Jibu la kwanza
Adai sasa, tafadhali, wakati kumbukumbu za mwajiri bado zinapatikana. Aandikie mfuko barua, nakala kwa mwajiri, akiambatisha hati za miezi hiyo hiyo, na nakala atakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu barua isiyo na muhuri huo ni rahisi kukanwa. Ahakiki pia jina na tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ya herufi moja inaweza kuchelewesha malipo.

Jibu la pili
Akikataliwa, akate rufaa. Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unampa mdai haki hiyo katika nchi zilizouridhia, iwe amenyimwa mafao au analalamikia kiwango chake.

Jibu la tatu
Akitumia huduma za mtandaoni, asimpe mtu nenosiri lake, hata anayejitambulisha kuwa ofisa wa mfuko. Hata hivyo, wastaafu wasio na simu janja wanastahili kuhudumiwa dirishani, na inaniuma sana kuona mgonjwa akisafirishwa ili tu athibitishe kuwa yu hai, ilhali ofisa angeweza kumfuata nyumbani.