Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli, ila wilaya haina reli. Kimetoka wapi?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia Nachingwea, huu mwezi wa pili. Kengele yetu ni kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mwembe kwa mnyororo wa pikipiki, tunakigonga kwa bolti. Shule nyingine nilizofundisha wanagonga rimu ya gari, kwa hiyo sikushtuka. Ila juzi nikiwa zamu nikajiuliza, mbona treni huku hakuna? Halafu nyuma ya shule kuna tuta limenyooka utadhani limepigwa rula, linapita katikati ya mikorosho ya watu. Mbele kidogo kuna kalavati la zege, juu yake majani tu. Watoto wanapaita "njia ya treni". Treni gani?

Mjukuu wa Ruo
Mwalimu, watoto wako sahihi. Mwaka 1947 Waingereza, kwao mafuta ya kula yakiwa ya mgawo, walianzisha ule mradi wa kulima karanga za mafuta: Kongwa, Urambo na hapo ulipo. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikapita kwetu Ruo hadi Nachingwea. Treni zikaanza 1949. Mkwaya palikuwa pa muda tu, bandari yenyewe ya kina kirefu ikajengwa Mtwara na reli ikavutwa mpaka huko. Ikafunguliwa 1954. Sasa cheka: mradi wa karanga ulikuwa umevunjwa 1951! Mzigo uliokusudiwa haukuwahi kuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaifunga, wakang'oa reli. Babu alikuwa gengi ya reli. Alisema kung'oa kulikwenda haraka kuliko kutandika.

Korosho Ghafi
Mataruma je, yale yanayolazwa chini ya reli? Kwetu kuna ya chuma, bibi ameyafanya vizingiti vya banda la mbuzi.

Mjukuu wa Ruo
Ndiyo hayo hayo. Mwalimu, hicho kipande kiangalie ubavuni, reli huwa na herufi za kiwandani.

Mwalimu wa Zamu
Nimekisugua kwa msasa, zipo ila kutu imezila, nasoma "19" tu. Asante sana mkuu, Jumatatu darasa la sita nalipeleka kwenye tuta.

Fundi Gereji
Kifungeni vizuri, wa vyuma chakavu hawalali.

Mwalimu wa Zamu
Walishakuja. Huu mnyororo ni wa pili.